Jinsi ya kupata shule ya mtandaoni ya kusomea ubunifu wa gemu bila kupigwa: mwongozo kamili

Ujumbe ninaoupata mara nyingi una sura moja: "Kaka, kuna shule inafundisha kutengeneza gemu, ada wamekata nusu, mwisho leo saa sita usiku. Nilipie?" Miezi miwili baadaye mtu yuleyule anarudi. Ameishia somo la nne, bando limemwisha, shule haijibu barua pepe, na hajatengeneza gemu hata moja.

Wengi wao si wavivu. Wamekosea mpangilio tu: wameanza na shule, wakamalizia na swali la wanachotaka kusomea. Hapa tutageuza. Usiruke hatua nisipokuambia uruke, hasa ya kwanza, ambayo najua ndiyo utatamani kuiruka.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kompyuta. RAM ya GB 8 na diski ya SSD ndiyo ngazi ya chini ninayoshauri. Ya GB 4 itaendesha Godot, programu ya kutengenezea gemu, kwa gemu ndogo za 2D (za picha bapa), lakini wenzake ni wazito: Unity itakutoa jasho na Unreal sahau kabisa. Hiyo peke yake inameza makumi ya GB kwenye diski. Simu haitoshi kwa kozi ya shule, hata kama Godot ina toleo la Android.

Bando. Video ya ubora wa 480p hula kama nusu GB kwa saa. Kozi yenye saa 30 za video ni GB 15 hivi, kabla hujapakua programu yoyote. Piga hesabu hiyo kwa bei ya mtandao wako, uiweke pamoja na ada. Watu wengi wanashindwa na bando kabla ya kushindwa na masomo.

Njia ya kulipa. Kadi ya benki iliyofunguliwa malipo ya mtandaoni, au kadi pepe ya Visa unayoipata ndani ya M-Pesa. Faida ya kadi pepe ni kwamba unaweka kiasi unachotaka kitoke, basi. Anayetaka kukukata mwezi wa pili kimyakimya atakuta patupu.

Barua pepe yenye jina lako kamili, kama lilivyo kwenye vyeti vyako. Cheti kikitoka kwa jina la "Prince Killer" hakuna atakayekirekebisha.

Kiingereza cha kusikiliza. Karibu kozi zote za maana ziko kwa Kiingereza. Fungua somo lolote la bure, tazama dakika kumi bila maandishi ya chini. Ukipata nusu, unaweza kuanza. Ukipata robo, tumia miezi mitatu kwenye lugha kwanza, ada itakusubiri.

Saa nane kwa wiki. Ziandike kwenye daftari: siku gani, saa ngapi hadi saa ngapi.

## Hatua ya 1: Tengeneza gemu moja mbovu

Kabla hujafungua ukurasa wa shule yoyote, jipe wikiendi mbili. Ingia tovuti ya Godot, pakua injini yao ya kutengenezea gemu. Ni bure na faili lake halifiki hata GB 1. Kwenye nyaraka zao kuna somo la gemu ya kwanza ya 2D, gemu inaitwa Dodge the Creeps. Kuna kijitu unachokiongoza, vidubwana vinatokea pembeni mwa skrini, unavikwepa, alama zinapanda kila sekunde. Lifuate somo neno kwa neno.

Ukimaliza, usifunge kompyuta. Tafuta kipima muda kinachoitwa MobTimer. Somo lilikuambia uweke 0.5, maana yake kila nusu sekunde anatokea adui mmoja. Badilisha iwe 0.2, kisha mpe mdogo wako acheze. Atakufa kabla hajajua vidole aviweke wapi, atakurudishia laptopu. Weka 1.5. Atacheza, atapiga miayo, atachukua simu yake. Sasa tafuta namba ambayo atakufa, atasonya, halafu ataanza tena bila kuambiwa.

Hizo dakika kumi za kuhangaika na namba moja ndizo ubunifu wa gemu. Kama zilikukera, umejua bure jambo ambalo wengine hulijua baada ya kulipa ada ya mwaka. Kama umeinua kichwa ukakuta saa saba usiku, endelea hatua ya pili.

Onyo: Usianze na wazo la gemu kama GTA yenye barabara za Kariakoo. Kila mtu analo. Halitengenezwi wikiendi mbili, wala miaka miwili ukiwa peke yako.

Utajua umefaulu ukiwa na: gemu moja inayoanza, inayoisha, na uliyoibadilisha vitu vitatu kwa akili yako mwenyewe.

## Hatua ya 2: Chagua kazi, usichague jina la kozi

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea. Mtu anapenda kuchora, anaona neno "design", analipa, anakuja kukuta anafundishwa kuandika sheria na kujaza majedwali ya namba.

Chukua bao la Kiswahili. Aliyeamua kwamba kila mchezaji aanze na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, kwamba tuanze kwa kunamua ndipo tuingie mtaji, kwamba nyumba iwe na haki zake: huyo ndiye mbunifu wa mchezo. Fundi aliyechonga ubao ukapendeza ni msanii. Na kwenye kompyuta anahitajika wa tatu, anayeifanya mashine ielewe sheria zote hizo na isikosee kuhesabu kete. Huyo ni mwandishi wa programu.

Shule huuza kazi hizi tatu kwa majina yanayofanana. Ya ubunifu hugusa sheria, ngazi za ugumu, hadithi, kujaribisha gemu kwa watu. Ya utengenezaji kwa kawaida maana yake ni kuandika programu: lugha kama C# na C++, hesabu za vekta. Ya sanaa ya gemu ni kuchora, kuunda maumbo ya 3D kwa Blender au Maya, na kuyapa mwendo.

Ushauri wangu, na najua wapo watakaopinga: kama unakaa huku kwetu na huna mtu ndani ya kampuni, usisomee ubunifu mtupu. Studio nyingi ni za watu wachache, na mtu wa mawazo peke yake ndiye wa mwisho kuajiriwa. Changanya ubunifu na programu, au ubunifu na sanaa.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia mama yako kwa sentensi moja utakachokuwa unafanya kazini, naye akaelewa.

## Hatua ya 3: Amua unachotaka kutoka nacho

Kuna njia tatu, na bei zake zinapishana kama baiskeli na ndege.

Ujuzi tu, bila karatasi. Unity Learn, tovuti ya mafunzo ya Unity wenyewe, ni bure na ina njia zilizopangwa za anayeanza. Harvard wana kozi yao ya CS50 ya utengenezaji wa gemu: inaanza na Pong, inapanda hadi gemu za aina ya Mario na Pokémon, kwa lugha ya programu iitwayo Lua. Masomo yake ni bure, unalipia cheti ukikitaka. Inakutaka uwe umeshagusa programu kidogo, usiingie mikono mitupu.

Ujuzi na cheti kidogo. Coursera, tovuti inayouza kozi za vyuo, ina mfululizo wa Michigan State University unaofundisha kwa Unity, na wa CalArts, chuo cha sanaa cha California, unaoegemea upande wa sanaa na mawazo. Hulipiwa kwa mwezi, kwa hiyo anayechelewa analipa zaidi. Kuna fomu ya kuomba msaada wa ada, na majibu huchukua kama wiki mbili. Watu wetu hawaijazi, sijui kwa nini. Eleza kipato chako bila aibu na utakachofanyia ujuzi huo. Udemy, tovuti nyingine ya kozi, nako kuna kozi nzuri za bei ndogo, ila usinunue kwa bei ya juu, punguzo lao linarudi kila baada ya siku chache. Cheti chake ni cha kumaliza kozi tu, chuo hakikitambui.

Shahada. Full Sail ya Florida inafundisha shahada ya ubunifu wa gemu kwa mtandao. Southern New Hampshire University wana ya sanaa na utengenezaji wa gemu. University of London wana shahada ya sayansi ya kompyuta ya mtandaoni, mitaala yake ikitoka Goldsmiths, ambayo imekuwa na uelekeo wa gemu. Hakiki kwenye ukurasa wao, maana mielekeo hubadilika mwaka hadi mwaka. Shahada ya chuo binafsi cha Marekani ni makumi ya maelfu ya dola hata ukisomea chumbani kwako Mbagala.

Nani anahitaji shahada? Anayetaka kuombea viza ya kazi nje, anayetaka kufundisha chuoni, au ambaye mzazi hatalipa bila joho. Wengine wote, studio itataka kuona gemu zako. Usilipie shahada kwa sababu tu hujui pa kuanzia.

## Hatua ya 4: Kagua ithibati kwa mkono wako

Wanaochukua njia ya shahada wakae hapa. Wengine rukeni.

Ithibati ni idhini ya chombo kinachotambulika kwamba chuo ni chuo. Matapeli wanalijua neno hili kuliko wewe. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, iliyokuwa na mamia ya tovuti za vyuo vya kubuni, na vyombo vya ithibati vya kubuni vilevile, vikithibitishana vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa hiyo nembo iliyo chini ya ukurasa wa shule haina uzito wowote mpaka uifuatilie.

Fanya hivi:

1. Usibonyeze nembo kwenye tovuti ya shule. Itakupeleka wanakotaka wao.
2. Fungua ukurasa mpya, uandike mwenyewe. Kwa chuo cha Marekani tafuta DAPIP, hifadhi ya Wizara ya Elimu ya Marekani yenye vyuo vyenye ithibati. Kwa England tafuta rejista ya Office for Students.
3. Linganisha jina herufi kwa herufi, na anwani ya tovuti nukta kwa nukta. Tapeli hupenda jina linalokaribiana na la chuo kikubwa.
4. Andikia mamlaka ya nyumbani. Tanzania ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Uliza jambo moja: shahada hii, ya chuo hiki, ikisomwa yote kwa mtandao, mtaitambua? Taja neno mtandao waziwazi, maana jibu la shahada ya darasani linaweza kuwa tofauti.

Onyo la pili: ithibati haizuii chuo kufa. Art Institutes za Marekani, zilizofundisha hata sanaa ya gemu, zilifunga kampasi zao zote zilizobaki mwishoni mwa Septemba 2023, na wanafunzi walipewa taarifa ya siku chache tu. Andika jina la shule pamoja na maneno "closing" na "lawsuit" kwenye Google. Dakika tano tu.

Utajua umefaulu ukiwa na barua pepe ya TCU au CUE yenye jibu. Maneno ya afisa udahili wa shule kwamba "tunatambulika dunia nzima" usiyahesabu.

## Hatua ya 5: Cheza gemu za wanafunzi wao

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na shule nyingi huangukia hapa.

Ingia itch.io, tovuti ambako watengenezaji wadogo huweka gemu zao. Andika jina la shule kwenye sehemu ya kutafutia. Pata gemu tatu za wanafunzi, uzicheze. Zicheze kweli, usiangalie picha.

Zote zikifanana, yaani mhusika yuleyule, sakafu ileile, sarafu zilezile, basi wanafunzi wananakili somo la mwalimu na kuambiwa wamehitimu. Ukikuta video za kutangaza tu na hakuna cha kucheza, jiulize kwa nini. Gemu mbovu lakini ya ajabu, yenye wazo ambalo hujaliona kwingine, hiyo ni dalili njema: mwalimu aliwaacha wajaribu.

Kisha tafuta wahitimu wawili kwenye LinkedIn, wa mwaka uliopita au wa juzi. Waandikie kwa adabu na kwa ufupi. Waulize mwalimu alichukua siku ngapi kurudisha kazi ikiwa na maoni, na kama wangelipa tena. Mmoja hatajibu. Wa pili atakuandikia aya nne, na aya hizo zina faida kuliko tangazo zima.

Fungua na mtaala. Tafuta mambo manne: mradi wa kikundi, kujaribisha gemu kwa wachezaji halisi, mfano wa gemu kwenye karatasi kabla ya kompyuta, na maoni ya mwalimu mwenye jina. Mtaala uliojaa vitufe vya programu moja tu uogope. Septemba 2023 Unity walitangaza tozo ya kila gemu inayosakinishwa, watengenezaji wakachachamaa, wengi wakahamia Godot. Tozo ilifutwa mwaka mmoja baadaye, lakini aliyekuwa amefundishwa kufikiri alihama kwa wiki chache. Aliyefundishwa vitufe alianza upya.

## Hatua ya 6: Wahoji kabla hawajakuhoji

Ukijaza fomu ya kuomba taarifa, utapigiwa simu. Nilijaza moja miaka ya nyuma, kwa shule ambayo sitaitaja. Afisa wao alinipigia mara tatu kwa siku, akaniita ndugu, akaniuliza hali ya mama. Nilipouliza kuhusu kurudishiwa pesa, akaniambia tutalizungumza baada ya malipo ya kwanza. Nililipa. Hatukulizungumza tena.

Kwa hiyo uliza haya kwa barua pepe, yabaki kwenye maandishi:

- Masomo ya moja kwa moja ni saa ngapi kwa Afrika Mashariki? Darasa la saa moja jioni New York ni saa nane usiku kwetu, na majira ya baridi yao linasogea hadi saa tisa. Kama linarekodiwa, je, mahudhurio yana alama?
- Ada yote hadi mwisho ni kiasi gani, pamoja na programu, vitabu na mahafali?
- Nikiacha wiki ya tatu, narudishiwa kiasi gani?
- Kazi zangu ni mali ya nani? Baadhi ya shule hudai haki ya kuzitumia.
- Mwalimu wa somo la kwanza ni nani, na ametengeneza gemu gani?

Anayejibu yote kwa siku mbili, bila kukusukuma, mpe alama. Anayejibu kwa "ofa inaisha leo" mfute kwenye daftari. Ofa hiyo itarudi kesho, niamini.

## Hatua ya 7: Onja, kisha lipa kidogo

Zibaki shule mbili. Kila moja omba somo la bure au kipindi cha majaribio, uisome kwa wiki moja kwa zile saa nane zako. Soma kwa bando lako la kila siku, kwenye kompyuta yako, saa ambazo umeme huwa unakatika mtaani kwenu. Je, video zinapakulika ukazitazama bila intaneti? Jukwaa linafunguka kwenye laini ya kawaida, au linazunguka tu?

Lipa kwa mwezi au kwa moduli hata kama ya mwaka ina punguzo. Udemy wanarudisha pesa ndani ya siku 30 kwa kozi nyingi. Weka alama kwenye kalenda siku ya 25, uamue siku hiyo.

Onyo: usilipe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akijitambulisha kama wakala wa shule hapa nchini.

## Hatua ya 8: Jiwekee siku ya 60

Siku unayolipa, hesabu siku 60 mbele, utafute mashindano ya kutengeneza gemu yaliyo karibu na tarehe hiyo. Wenyewe huyaita gemu jamu. Ludum Dare wana kitengo cha mtu mmoja cha saa 48. Global Game Jam hufanyika mwanzoni mwa kila mwaka. Itch.io ina mengine karibu kila wiki, na kuingia ni bure.

Ingia, maliza, pakia, hata ikiwa mbovu. Hicho ndicho kipimo cha shule yako, kuliko alama zao. Iliyokufundisha vizuri itakuwa imekupa uwezo wa kufikisha kitu kidogo mwisho.

Siku ya 60 ikifika na bado unatazama video tu, hujawahi kupata neno la mwalimu juu ya kazi yako, ondoka. Andika barua pepe ya kujitoa siku hiyohiyo, utaje kifungu cha masharti yao kuhusu marejesho, uambatanishe risiti. Usitumie WhatsApp kwa hili, na usikubali kupigiwa simu "tuyajenge". Hakikisha pia umefuta kadi yako kwenye akaunti ya shule kabla ya tarehe ya makato yanayofuata, na upige picha ya skrini inayoonyesha imefutwa.